Nimevaa kurta za pamba, yale mashati marefu ya Kihindi, msimu mzima wa mechi za ugenini, haya ndo maoni yangu

Naanza na mabega kwa sababu kila kitu kimeanzia hapo. Nacheza mpira wa wavu timu ya chuo, mshambuliaji wa pembeni, na kama unacheza unajua mwili unavyobadilika ukishapiga mipira maelfu kwa maelfu, mabega yanapanuka, mgongo unajaa, mapaja ndo usiseme, halafu ukienda kujaribu blauzi ya kawaida ikikutosha mabegani inakuwa kama gunia kiunoni, ikikukaa vizuri kiunoni ukinyanyua mkono tu unasikia uzi unakatika kwapani. Miaka miwili ya mwanzo chuoni nilikuwa naishi ndani ya traksuti ya timu, darasani traksuti, kwenye basi traksuti, mtu akinialika birthday naenda na traksuti. Watu walikuwa wananiita "yule wa timu" na wengi jina langu hawakulijua kabisa, na hilo liliniuma kuliko nilivyokuwa naonyesha.

Sasa ikatokea usiku mmoja tumerudi kutoka mechi ya ugenini, mvua imeingia kwenye begi hadi chini, sina hata fulana kavu. Mwenzangu wa chumba kwao ni Jaipur, India, akatoa kurta ya kaka yake kabatini akaniambia nilale nayo nitamrudishia kesho. Nilimrudishia baada ya wiki mbili, na siku ya kumrudishia nilikuwa nimeshaagiza ya kwangu.

Sa hivi ninazo tatu. Ya kwanza ya nili, ndefu mpaka gotini, imepigwa chapa kwa mkono. Ya pili nyeupe fupi ya udarizi wa Lucknow, ule wanaouita chikankari. Ya tatu rangi ya damu ya mzee yenye vioo vidogo kifuani, hii nitaisema vizuri huko chini mana imenitesa. Pamoja nazo nina mtandio wa bandhani, makubadhi ya Kolhapur na viatu vya jutti. Zote nimeagiza mtandaoni kwa wauzaji tofauti, nimezivaa msimu mzima, mabasi, ndege, hosteli, kumbi za michezo, kwaiyo hapa naongelea vitu nilivyovifua kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwanza kwanini zinakaa vizuri kwenye mwili wa mwanamichezo, hili nililielewa siku mwenzangu alipotandaza kurta kitandani akanionyesha mishono yake. Kurta ya asili haikatwi kwa kufuata umbo la mtu kama blauzi, inakatwa vipande vilivyonyooka, mwili kipande cha mstatili, mikono mistatili, kitambaa hakipotei bure, halafu kwapani wanaweka kipande kidogo cha mraba kimegeuzwa kikakaa kama almasi. Hicho kipande ndo siri yenyewe. Ukinyanyua mkono juu kama unaenda kupiga smashi nguo haipandi yote, kile kipande kinafunguka kinakupa nafasi. Nimejaribu mbele ya kioo mara ishirini mikono juu mikono chini na pindo halijasogea kivile. Na pembeni kuna mpasuo kuanzia nyonga kwenda chini, mapaja yanapita bila kubanwa, unaweza kukaa sakafuni ukakunja miguu kabla ya mechi huku unasikiliza mwalimu anachora kwenye ubao na hakuna kitu kinavutika.

Kwaiyo kama unanunua, hicho kipande cha kwapani kiangalie. Kurta nyingi za fasheni zinazouzwa sa hivi hazina, zimekatwa kama shati tu halafu zikapewa jina la kurta. Yangu ya tatu ndo hivyo ilivyo, na imeshachanika kwapa moja.

Halafu kuna kitu nilikuja kukijua nikafurahi sana, kwamba hizi nguo za India na michezo ni ndugu wa siku nyingi. Zile suruali za kupandia farasi zinazoitwa jodhpurs, pana mapajani zimebana kuanzia goti kwenda chini, jina lake ni la mji wa Jodhpur huko Rajasthan, na waliozitangaza Uingereza ni Sir Pratap Singh na timu yake ya polo waliokwenda kule mwaka 1897, jubilei ya malkia Victoria. Yaani ni timu ya michezo ipo ugenini, watu wa kule wanaangalia wamevaa nini, wanaenda kushona na wao. Hata pajama tunayolalia, neno ni la huko huko, maana yake ni vazi la miguu. Nikiwa kwenye basi la timu na kurta yangu huwa nawakumbuka wale wacheza polo.

Tuje kwenye safari. Safari yetu ndefu msimu huu ilikuwa ya basi, masaa tisa kwenda, mechi mbili, masaa tisa kurudi, na Jumatatu asubuhi mtihani. Kurta ya nili nilipanda nayo, chini nimevaa suruali nyepesi ya kamba, na soksi zangu ndefu za kubana zimeingia chini ya suruali hazionekani. Sijawahi kusafiri vizuri vile. Pamba nyepesi inapumua, kiuno hakina lastiki ya kuacha alama, na mifuko ya pembeni ni mirefu simu haitoki hata ukilala. Traksuti ya poliesta ukilala nayo masaa matatu unaamka umeloa mgongo mzima halafu kiyoyozi kinakupiga, mwenye uzoefu anajua. Tulipofika wenzangu walishuka wamejikunyata mimi nimeshuka niko sawa, kocha akaniuliza, "Wewe umelala wapi?" nikamwambia, "Siti ya nyuma kocha, kama nyinyi wote."

Kwenye begi hazina shida. Usizikunje, ziviringishe kama mkeka kuanzia chini kwenda juu, tatu zinaingia kwenye nafasi ya traksuti moja, na kama unaruka na ndege na una kilo 7 tu za begi la mkononi na humo ndani raba peke yake zimeshakula nafasi, utashukuru. Ile yenye chapa ikijikunja haionekani, michoro inaficha. Nyeupe ya Lucknow inaonekana kila kunjo, hiyo inataka pasi, na mimi safarini sina muda wa kutafuta pasi, kwaiyo naivaa mechi za nyumbani tu. Kufua usiku kwenye sinki inawezekana, pamba nyembamba ukiikamua kwenye taulo asubuhi imekauka isipokuwa mishono, ila ya kitambaa kizito usijaribu, utaivaa mbichi.

Mtandio ndo umenishangaza. Niliununua kwa ajili ya uzuri tu, umegeuka kuwa kifaa cha kazi. Nimejifunika nao, nimeuviringisha nikalalia, nimeuning'iniza dirishani kuzuia jua, nimefungia barafu begani baada ya mechi. Wa kwangu ni bandhani, ile kazi ya majimbo ya Gujarat na Rajasthan huko India ambapo mtu anafinya kitambaa kwa kucha anafunga uzi kila nukta kwa mkono halafu ndo wanachovya kwenye rangi, wakifungua kila palipofungwa panabaki nukta, na ukiuangalia kwa karibu hakuna nukta mbili zinazofanana. Jina lenyewe linatokana na kufunga, na ile bandana wanayofunga watu kichwani imetoka kwenye mzizi huo huo. Mimi huwa naufunga kichwani nikitoka kuoga, kumbe sijaenda mbali na asili yake.

Lakini jamani, kurta si ya mazoezi. Hili naliweka wazi mana kuna mdogo wetu mmoja kwenye timu aliniona akataka kupashia nayo misuli. Pamba inanyonya jasho halafu inalishikilia, inakuwa nzito, ukisimama dakika kumi inakuwa baridi mwilini na misuli inakaza. Mimi mwenyewe nilifanya hilo kosa mara moja, nikapasha kwenye korido nimevaa kurta juu ya bukta kwa sababu traksuti ilikuwa imebaki kwenye basi, seti ya kwanza bega lilikuwa zito mpaka nikatolewa. Ukishatoka jasho vaa vitu vya michezo. Kurta ni ya kabla na ya baada.

Na hiyo baada ndo sehemu ambayo imenibadilishia maisha kabisa. Maisha ya mwanafunzi mwanamichezo kijamii ni magumu kuliko watu wanavyodhani. Wenzako wanatoka Ijumaa wewe una mechi Jumamosi, wakitoka Jumamosi wewe uko kwenye basi, Jumapili unasomea kazi za wiki nzima. Marafiki unaobaki nao ni wa timu, unakula nao, unalala nao chumba kimoja, unagombana nao, basi. Na ukipata nafasi ya kwenda mahali bado unaonekana umetoka mazoezini. Nilipoanza kuvaa kurta darasani watu walianza kuniuliza, hii umetoa wapi, hii michoro ni nini, inafuliwaje. Msichana mmoja wa timu pinzani, tulikuwa tumetoka kupigana seti tano mpaka tumechoka wote, akanifuata nje akaniuliza kama ile ni chapa ya mkono kweli, mana bibi yake anashona. Tulikaa ngazini tukaongea mpaka mabasi yakapigiana honi, na mpaka leo tunaandikiana.

Halafu ikaja Navratri, sikukuu ya Wahindu. Wanafunzi wa Kihindi pale chuoni huwa wanaandaa usiku wa garba, wanacheza kwa mduara, na mwenzangu wa chumba akanialika. Kama hujui garba, ni ngoma ya Gujarat, sikukuu yenyewe inakwenda usiku tisa, na Desemba 2023 UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kikao kilikuwa Kasane, Botswana. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa. Je mimi nisiye wa huko nikivaa nguo yao wataonaje, nitaonekana najifanya? Nilimuuliza waziwazi. Akaniambia kurta ni nguo ya kila siku, mtu anaendea sokoni na ofisini, vaa bila wasiwasi, ila lehenga, ile sketi ndefu ya sherehe, nzito nyekundu ya dhahabu hiyo ni mambo ya bibi harusi usiende nayo kichwa kichwa. Nikavaa ile ya vioo, akanipangia mtandio begani akaubana na pini pembeni usiniangukie nikizunguka.

Aisee. Wasichana walikuwa wamevaa chaniya choli, blauzi fupi na sketi zenye marinda mengi, wakizunguka sketi zinafunguka kama miavuli, vioo vinarudisha taa ukumbi mzima. Hatua zake unaanza polepole, kofi, geuka, rudi, halafu mwendo unapanda na unapanda, na hapo ndo mwanamichezo unafaidi kwa sababu pumzi unayo. Nilicheza karibu masaa mawili bila kukaa. Mama mmoja mtu mzima, nilikuja kujua ni mama wa mhadhiri, alinishika mkono akanirekebisha hatua bila kusema neno, akawa ananitazama miguu tu mpaka nikapatia. Wakati wa kuondoka watu kama thelathini hivi walikuwa wananijua kwa jina. Nilirudi chumbani nikalia kidogo kwa furaha, sioni haya kulisema.

Kwaiyo ile kurta ya vioo imenipa usiku mzuri kuliko zote msimu huu, na bado naipa nyota mbili. Muuzaji ameandika pamba, si pamba. Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauchoma, pamba inaungua kama karatasi inaacha jivu laini, huu uliyeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi, hiyo ni poliesta. Vioo vimebandikwa kwa gundi badala ya kushikwa na uzi kuzunguka ukingo, vitano vimeshadondoka, na vilivyobaki vinanasa kwenye mkanda wa begi. Safarini usibebe kabisa nguo yenye vioo, inakwangua kila kitu kilicho karibu nayo. Muuzaji nilimwandikia mara tatu hajajibu.

Ya nili naipa nyota nne na nusu, hiyo nusu nimeitoa kwa sababu ya kuchuja. Nili inachuja jamani, mwanzoni inachuja sana, mimi niliitumbukiza mashine moja na jezi nyeupe ya mwenzangu na jezi ikatoka bluu ya mawingu siku mbili kabla ya mechi. Nilimlipa jezi mpya na nikamwomba msamaha mbele ya timu nzima. Ifue peke yake maji baridi mara tatu nne za kwanza, ianike kivulini imegeuzwa ndani nje, na usikalie siti nyeupe nayo mpaka maji yatoke meupe. Ila rangi inayobaki baada ya hapo ni nzuri kuliko ya siku ya kwanza, inatulia.

Na kazi iliyomo humo inastahili. Ni ya aina ya Bagru, mji mdogo jirani na Jaipur, wanatumia mihuri ya mbao iliyochongwa kwa mkono, kuna namna wanaiita dabu ambapo muhuri unachovywa kwenye matope maalumu badala ya rangi, wanagonga kwenye kitambaa, wananyunyizia unga wa mbao ikauke, ndo wanatumbukiza kwenye nili, matope yakioshwa kila palipogongwa panabaki peupe. Ukitaka kujua kama yako ni ya mkono kweli tafuta mahali muhuri mmoja unapokutana na mwingine, utaona pameachana kidogo au pamepandiana, sehemu nyingine rangi imekolea nyingine imefifia. Ikiwa imenyooka yote bila kasoro hata moja, basi ni mashine. Mwenzangu anasema kwao hicho kikasoro ndo watu wanakitafuta.

Watu wa India wenyewe hili jambo wanalichukulia kwa uzito. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Paris 2024 wachezaji wanawake walipita mto Seine wamevaa sari, P.V. Sindhu ameshika bendera pamoja na Sharath Kamal wa tenisi ya meza, na wengi mtandaoni walilalamika kwamba michoro ile ya ikat imechapwa tu wakati ikat halisi nyuzi zinatiwa rangi kabla hata hazijafumwa. Mimi nilikuwa naangalia mabega ya Sindhu tu, mtu mrefu wa badminton, medali mbili za Olimpiki, na sari imemkaa. Nimeona pia kwamba mwaka 2018 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola kule Gold Coast wanawake wa timu yao waliacha sari wakavaa koti na suruali, na ninawaelewa kabisa, kusimama masaa kwenye gwaride unataka kitu cha kutembea nacho.

Viatu sasa, na hapa nawaomba mnisikilize mana miguu ndo kazi yetu. Jutti ni nzuri mno machoni, ngozi imedariziwa, mbele imechongoka, ila kwa asili hazina kulia wala kushoto, zote sawa, mguu wako ndo unaifundisha ngozi. Mimi nilizivaa mpya siku mbili kabla ya robo fainali nikatembea nazo jioni moja tu, malengelenge visigino vyote viwili, nimecheza robo fainali nimefunga plasta na kila nikiruka nasikia moto. Ukizinunua zipake mafuta kwa ndani, zivae chumbani na soksi nene nusu saa nusu saa kwa wiki kadhaa, na msimu ukiendelea zikae kabatini. Makubadhi ya Kolhapur ni rafiki zaidi, yale ya pete ya kidole gumba, ngozi imetengenezwa kwa magome ya miti, yana hati ya kulindwa jina tangu 2019 kwa majimbo ya Maharashtra na Karnataka, na ni yale ambayo Juni 2025 Prada, wale wa mitindo wa Italia, walionyesha Milan viatu vinavyofanana nayo mpaka baada ya kelele wakakiri wamevutiwa na viatu vya asili vya India. Yalianza magumu, mwezi wa pili yakakubali umbo la nyayo zangu. Ila ni bapa kabisa, siku miguu imechoka kwa kuruka siyavai, mashavu ya miguu yanakaza, na maji usiyaguse nayo. Bangili sinunui tena, kuvua na kuvaa kila mechi na kila ukaguzi wa uwanja wa ndege nimechoka.

Saizi. Usifuate herufi za S na M, pima bega hadi bega kisha kifua, ongeza kama sentimita kumi kwenye kifua, na muulize muuzaji vipimo vya nguo yenyewe, maana mimi M yangu ya muuzaji mmoja ni XL ya mwingine. Pamba ambayo haijafuliwa inarudi, yangu ya nili ilipungua urefu kama vidole viwili baada ya kufuliwa mara ya kwanza, kwaiyo ukiwa mrefu kama sisi nunua ndefu.

Sa hivi kwenye timu tupo sita wenye kurta. Libero wetu, yule mchezaji wa kulinda nyuma, ni mfupi, yake ilimfika katikati ya muundi, akakata chini akashona pindo mwenyewe kwa mkono kwenye basi tukienda mechi ya mwisho, na kile kipande kilichobaki amefungia nywele mpaka leo.